Kansas Tambarare, Nani Kawaambia?

Jamani mimi sina ugomvi na wazungu, ila hili la mtu kupewa likizo, tena likizo yenye mshahara, halafu anaenda kunyonga baiskeli yenye mizigo juani, hilo nimelishindwa, na ubaya wenyewe ni kwamba sa hivi naliongea nikiwa juu ya hiyo baiskeli. Kwetu mtu akipita kafunga magunia ya mkaa kwenye keria, jasho linamchuruzika, watu wanampa pole, na anakokwenda anauza anarudi na hela. Mimi nimefunga hema, jiko, sufuria na begi la kulalia, natoka Scott City naelekea Tribune, miji midogo ya jimbo la Kansas huku Marekani, kilomita kama 75, nikifika hakuna anayenunua kitu, tena chakula nanunua mimi.

Aliyeniingiza humu ni shemeji, mume wa dada yangu, mwalimu wa hesabu, mtu mpole hata ukimkanyaga anaomba radhi yeye. Dada akasema nenda naye bwana, mpate kuzoeana. Kuzoeana gani na mtu yuko mita 300 mbele yako kutwa nzima, namjua mgongo tu!

Njia yenyewe inaitwa TransAmerica, inaanzia Yorktown kule Virginia hadi Astoria, Oregon, kilomita kama 6,800, iliwekwa mwaka 1976 Marekani ilipotimiza miaka 200 ya uhuru. Kwetu watu wakiadhimisha uhuru wanapiga gwaride, wanakula pilau, wanalala. Hawa maelfu wakachukua baiskeli wakavuka nchi. Haya.

Sasa kabla hatujaondoka shemeji kaniambia usiwe na wasiwasi, Kansas ni tambarare. Kumbe hiyo sifa wana hadi ushahidi, mwaka 2003 wanajiografia watatu walikaa wakapima, kwa utani lakini kwa vipimo vya kweli, wakasema Kansas ni tambarare kuliko chapati ya maji. Mimi nataka hao watatu waje hapa barabara ya 96 na mizigo yangu. Kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba hiyo chapati imelazwa mshazari! Mashariki kule chini ni kama mita 200 juu ya bahari, huku magharibi inapita mita 1,200, na sisi tunaenda magharibi. Mlima ukiuona unajipanga, unasema hapa napanda na kule nitashuka huku nimeachia breki napigwa na ubaridi. Huu hauonekani. Unatazama mbele, barabara imenyooka kama imepigwa rula, lakini miguu inasema tunapanda, macho yanasema hapana, na ubishi huo unaendelea mpaka jioni bila mteremko hata mmoja wa kukufuta jasho. Pale juu kabisa penyewe panaitwa Mlima Sunflower, nimeonyeshwa picha, ni malisho ya ng'ombe na ua la alizeti la chuma limesimikwa hapo. Huo ndo mlima, kama kawaida hauonekani.

Halafu upepo. Huu upepo unatoka kusini magharibi, haukati kwa sababu hakuna cha kuukata, mti upo mmoja na nyumba ipo mbali na mti. Unakupiga ubavuni unaegemea upande wake, sasa unapokuja kupitwa na lori la ng'ombe upepo unakatika ghafla, wewe na kuegemea kwako mnaelekea kwenye tairi za lori, halafu lori likishapita upepo unarudi na vumbi na ile harufu. Harufu hiyo naomba niiseme. Huku kuna mazizi ya kunenepeshea ng'ombe, maelfu kwa maelfu wamesimama hapo wanakula mahindi, unaanza kuyanusa kabla hujayaona, na kwa spidi yangu ya kilomita 12 kwa saa nimeyanusa vizuri sana. Mwenye gari anafunga kioo, mimi nifunge nini?

Kuna mji wa Leoti katikati ya safari, vihenge vyake vya nafaka nimeviona tukiwa bado mbali kabisa, vyeupe, virefu, nikajua tumefika, nikaanza hadi kupanga nitakunywa soda gani. Nanyonga, vihenge viko palepale. Nanyonga, viko palepale! Lisaa lizima naangalia kihenge kinaniangalia.

Tulipofika dukani kwenye kituo cha mafuta tukamkuta bibi mmoja, umri wake kama wa mama yangu mzazi, anatoka Colorado anakwenda mashariki na baiskeli yake, upepo unamsukuma, nywele hata hazijatimka, anakula aiskrimu. Akaniuliza upepo wa kule ukoje. Nikamwambia mzuri tu mama. Ningesema nini na midomo imepasuka?

Mbele ya Leoti tairi ya nyuma ikaanza kulegea. Nashuka, naikagua, nakuta mbigili. Mbigili! Kile kidude cha miiba ambacho hata kikiangukaje mwiba mmoja lazima uangalie juu, kilichonitoboa nyayo utoto wangu wote, kiko Kansas. Siyo jamii yake, ni mmea uleule, ulifika Marekani kutoka ng'ambo. Mimi nimehangaika na makaratasi, picha, alama za vidole, barua za benki, mbigili kaingia zake bila kuulizwa jina na kajitandaza kando ya barabara nzima. Hapa hakuna fundi chini ya mwembe, mwembe wenyewe uko wapi. Nikapindua baiskeli, nikatoa tyubu, nikasugua, nikapaka solusheni, nikabandika kiraka, na kila pikapu inayopita dereva ananyanyua vidole viwili kwenye usukani. Ndo salamu yao. Nasalimiwa na kaunti nzima, anayesimama hayupo. Ila nisiwasingizie, mzee mmoja alisimama, akateremsha kioo, akauliza kama nina maji, akanipa chupa ya baridi, akasema leo upepo si mwingi.

Kaunti ya Greeley, uliko mji wa Tribune, nayo inatumia saa za milimani, tofauti na sehemu kubwa ya Kansas, ukivuka mpaka simu inajirudisha nyuma saa nzima yenyewe. Yaani saa ambayo nimeshaitesekea imerudishwa niitesekee tena. Shemeji ananiambia kwa furaha kabisa, shemeji, tumepata saa ya bure! Saa mbili usiku jua bado linanichungulia.

Miji mingi midogo ya njia hii inaruhusu wapanda baiskeli kulala kwenye bustani ya mji, hulipi kitu, na kwa hilo nawapa heko. Nikachagua penye nyasi nzuri, kijani, laini, katikati ya nchi yote iliyokauka, wala sikujiuliza kwa nini ziwe kijani. Saa nane usiku mabomba ya kumwagilia yakafunguka yenyewe, moja chini ya ubavu wangu, lingine linazunguka linapiga hema kila linapogeuka. Nasikia shemeji ananiita, pole sana shemeji, kwa Kiswahili safi alichofundishwa na dada. Hema lake kalitega kwenye sakafu ya zege, chini ya banda, tangu jioni, na alikuwa ananiona.