Shaba ni yetu, na maua yake je?

Hapa Lubumbashi ukitaja shaba kila mtu ana la kusema: bei, wachimbaji, malori ya kwenda Kasumbalesa, nani kala nini. Taja majani yanayoota juu ya hiyo shaba, watu wanakuangalia tu. Mi naona hapo ndo tunajipunja.

Kwanza, yale majani ndo yalionyesha njia. Unatembea kwenye miombo, miti imejaa, ghafla unakuta kilima kiko wazi, nyasi fupi na maua tu, basi ujue chini kuna mali, maana shaba ikizidi kwenye udongo miti mingi haivumilii. Wafua shaba wa zamani walivijua vilima hivyo, na wazungu wa madini walipofika wakavifuata hivyo hivyo. Kuna ua moja dogo, jamaa ya mrihani, linaitwa Haumaniastrum katangense, hilo linapenda hata sehemu za tanuri za kale, kwa hiyo wanaakiolojia wakaanza kulifuata ili wajue wazee waliyeyushia wapi shaba. Ua linakuonyesha kazi ya babu yako!

Mwaka 1958 Paul Duvigneaud, Mbelgiji, alichapisha utafiti wake kuhusu mimea ya Katanga na udongo wenye madini, baadaye François Malaisse akafundisha hapa miaka mingi akaendeleza. Leo tunajua mimea zaidi ya 30 haioti popote duniani ila kwenye vilima vya shaba vya huku. Sasa hebu fikiria: Crepidorhopalon perennis inajulikana Kalukuluku tu, pale mgodi wa Étoile, yaani makao yake yote ni shimo la watu wanaotafuta shaba.

Kazi inayonifurahisha zaidi ni ya Penga Penga, mtaa uliokula moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba miaka na miaka mpaka udongo ukabaki mtupu. Watafiti wa Unilu, chuo kikuu chetu cha hapa Lubumbashi, Mylor Shutcha na wenzake, waliweka chokaa na mboji wakapanda Microchloa kunthii, kinyasi kifupi chenye suke jembamba lililopinda. Hakiondoi sumu, hapana, kinashika udongo ili vumbi lisiruke na mvua isilibebe kwenda kwenye bustani ambako tunachuma lengalenga ya kula na bukari, yaani ugali. Na hakijatoka ng'ambo, ni cha vilima vyetu hivi hivi.

Halafu tunaacha kilima kichimbwe bila hata kuchukua mbegu, eti majani tu! Mi nasema kampuni ikitaka kilima, ilipe kwanza wakusanya mbegu na bustani ya kuzipanda hapa hapa mjini, na watoto wa shule waingie bure. Pesa ya hiyo kwao ni ya soda.