Pistoni Iliyoshika Pazia

Mjomba wangu wa Sikonge, mkoani Tabora, alikuwa na gobore lililoundwa na mhunzi wa kijijini kwa bomba la chuma na kipande cha mninga, na katika miaka yote niliyokaa kwake sikupata kulisikia likikataa kulia. Alimimina baruti mdomoni, akaishindilia kwa mdeki, akatia kitambaa na vipande vya nondo, akabandika fataki, kisha akapanda kwenye dungu kuwasubiri ngedere wa mahindi yake, akiwa na risasi moja na subira ya mtu anayejua kwamba ya pili haipo. Nayataja haya mapema kwa sababu asubuhi ya tarehe 1 Septemba, katika shamba la alizeti karibu na Brownwood, katikati ya jimbo la Texas, nikiwa nimeshika bunduki ya marisau, yaani inayorusha punje nyingi ndogo kwa mpigo mmoja, iliyotengenezwa kiwandani na inayojipakia yenyewe, nilimkumbuka mzee yule kwa heshima ambayo sikuwahi kumpa alipokuwa hai.

Kisa chenyewe kilianzia dukani, mjini Fort Worth. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alitutangulia Marekani kwa miaka mingi na kwa hiyo ni mshauri wetu wa kila jambo, kuanzia bima ya gari hadi mahali pa kupata dagaa wasio na mchanga. Yeye alinisihi ninunue bunduki ya kupampu, ile ambayo mpigaji huvuta kishikio cha mbele nyuma na mbele baada ya kila risasi, kwa maelezo kwamba haina mambo mengi ndani yake ya kuharibika.

"Shemeji," aliniambia, "hizi zinazojipakia ziko za aina mbili: za bei kubwa, ambazo hufanya kazi, na za bei ndogo, ambazo huhitaji maombi."

Nilimwona amezeeka kabla ya wakati. Bunduki za Kiitaliano zilizopangwa ukutani zilivuka dola 1,500, na chini yao, kama ndugu wa mbali aliyekaribishwa harusini kwa shingo upande, palikuwa na moja ya dola 329 iliyotoka Uturuki, katika mkoa wa Konya, ambako miji midogo kama Hüğlü huishi kwa kutengeneza bunduki za marisau kama watu wa kisiwa cha Mafia wanavyoishi kwa kuvua. Muuzaji alinieleza kwamba inachukua risasi tano, nne kwenye bomba lililo chini ya mtutu na moja kwenye chemba, na kwamba zote hutoka kwa kasi ya kidole changu. Nilipiga hesabu papo hapo: dola 329 kwa risasi tano ni chini ya dola 66 kwa kila risasi, ilhali gobore la mjomba lilimgharimu mbuzi wawili kwa risasi moja. Nikaonyesha kadi yangu ya ukaazi wa kudumu, nikajaza fomu ya serikali, nikachunguzwa, nikalipa, nikatoka nikiwa mtu mrefu kuliko nilivyoingia.

Ndani ya boksi mlikuwa na kijitabu cha maelezo ambacho Kiingereza chake kilionyesha dhahiri kuwa kimesafiri kwa miguu kutoka Konya. Sikukisoma, nilikipitia, kama mtu anavyopitia tangazo la msiba wa mtu asiyemfahamu. Mlikuwa pia na kifurushi kidogo cha karatasi ya kahawia, na ndani yake pete nene ya chuma iliyong'arishwa vizuri, iliyolingana na nyingine iliyokwisha kufungwa ndani ya bunduki. Mimi nimelelewa katika nchi ambamo kitu cha ziada ndani ya boksi huitwa spea, na spea huwekwa. Nikaiweka katika droo ya jikoni, pamoja na funguo za makufuli ambayo hatunayo tena. Siku chache baadaye mke wangu aliniuliza ile pete ni ya kazi gani, nikamjibu, bila kuinua macho kutoka kwenye kioo nilichokuwa nikijitazamia na bunduki yangu begani, kwamba ni ya akiba tu, achukue.

Baada ya kubana matumizi katika bunduki niliona si vibaya kubana matumizi katika risasi pia, nikanunua maboksi kumi yaliyopunguzwa bei, zenye gramu 24 za marisau kila moja, ambazo hutengenezwa kwa ajili ya mazoezi ya kupiga sahani za udongo. Shemeji aliligeuza boksi moja mkononi, akalisoma, akalirudisha bila kusema neno. Nilidhani ameridhika. Ndipo aliponikumbusha jambo ambalo nilikuwa nimefundishwa katika kozi ya uwindaji na kulisahau siku hiyohiyo, kwamba sheria ya Marekani kuhusu ndege wanaohama hairuhusu bunduki yenye zaidi ya risasi tatu, na hivyo ilinibidi kutumbukiza kijiti cha mbao ndani ya bomba ili kuziba nafasi za risasi mbili. Bunduki ya risasi tano ikawa ya risasi tatu kabla haijanusa shamba.

Jioni ya kuamkia ufunguzi wa msimu wa kuwinda hua nilizungumza mengi. Tulikuwa watu wanne: mimi, shemeji, rafiki yetu Mkongo kutoka Uvira ambaye hakuwa na bunduki bali alikuja na jiko, makaa na bakuli la pilipili, na mwenyeji wetu, mzee wa Kiteksasi mwenye shamba, ambaye alibeba bunduki ya zamani ya baba yake, iliyochakaa rangi hadi kuwa na mng'ao wa sarafu ya siku nyingi. Nilimwonea huruma mzee huyo. Niliahidi kwamba kesho yake, baada ya kufikisha hua wangu 15, ambao ndio ukomo wa mtu mmoja kwa siku, ningemsaidia kufikisha wake.

Hua walikuja mapema, wakati jua likiwa bado ni wekundu tu nyuma ya mialoni. Wa kwanza alipita juu yangu akiwa na haraka zake, nikapiga, nikakosa, na kwa utulivu wa mtu mwenye mtaji wa kutosha nikavuta kifyatulio mara ya pili. Kimya. Hua akaendelea na safari. Niliishusha bunduki, nikaona ganda la risasi ya kwanza limenaswa katika tundu la kutokea, limesimama wima kama bomba la moshi juu ya paa la jiko. Nikauelekeza mdomo wa bunduki ardhini, mahali pasipo na mtu, nikavuta bolti, kile chuma kinachofunga chemba, kwa mkono, ganda likaanguka, nikajipanga upya. Hua wa pili akaja, nikapiga, bomba la moshi likasimama. Wa tatu vivyo hivyo. Nilikuwa nimenunua risasi tano, sheria ikaniachia tatu, na bunduki ikanipa moja.

Rafiki yetu Mkongo, aliyekuwa ameketi nyuma yangu juu ya ndoo akisubiri kazi ya kuokota ndege, alivumilia mpaka mara ya sita.

"Ndugu yangu," aliuliza kwa upole, "hii bunduki yako inasemaka mara moja tu?"

Nilimweleza kwamba ni mpya na bado inajifunza. Jambo hilo lina ukweli ndani yake, kwani bunduki nyingi za bei nafuu hutoka kiwandani zikiwa na mafuta mazito ya kuzuia kutu, na vyuma vyake bado ni vigumu, kiasi kwamba wenye uzoefu huzisafisha kwanza na kuzipigisha risasi nyingi nzito kabla ya kuzitegemea. Mimi sikuwa nimesafisha kitu. Shemeji aliposhauri tutie mafuta, tuligundua kwamba mafuta pekee yaliyokuwapo shambani ni yale ya alizeti ya kukaangia, na kwa kuwa tulikuwa katikati ya shamba la alizeti niliona kuna mantiki fulani katika jambo hilo. Tukayapaka kwa ukarimu. Risasi tatu zilizofuata zilikwama kama nyingine, isipokuwa safari hii mtutu ulipopata moto bunduki ilianza kunukia maandazi, na mbwa wa mzee, ambaye tangu alfajiri hakuwa amenitambua kama mwindaji, alikuja kukaa miguuni pangu.

Ilipofika saa tatu mzee alikuwa na hua wake 15, shemeji tisa kwa bunduki yake ya kupampu, nami wawili, mmoja kati yao akiwa na utata wa umiliki. Waamerika humwita ndege huyu hua mwenye kuomboleza kwa sababu ya mlio wake wa huzuni, na siku hiyo niliusikia kutoka kila mti, nikajua ni nani anayeombolezewa.

Mzee akaja akiwa na mkono mfukoni. Hakucheka, jambo lililoniumiza zaidi. Aliiomba bunduki yangu, akahakikisha ni tupu, akanusa, akanitazama, akanusa tena. Kisha akachukua yake, akafungua kofia iliyo mbele ya bomba, akavuta ule mkono wa mbao, akanionyesha pete za chuma zilizozunguka bomba pamoja na springi yake. Alisema bunduki hiyo ni ya muundo wa John Browning ule ulioanza kutengenezwa Ubelgiji mwaka 1902, na kwamba tangu wakati huo mwenye nayo amekuwa akipanga pete hizo kwa namna moja anapopiga risasi nzito na kwa namna nyingine anapopiga nyepesi, na asiyezipanga hupata aibu au hupasua mbao.

Yangu haikuwa ya namna hiyo. Yangu hutumia gesi. Risasi inapolipuka, sehemu ya gesi hupita katika vitundu vidogo vya mtutu, ikasukuma pistoni iliyo kama pete, nayo pistoni ikasukuma bolti nyuma ili ganda litupwe nje na risasi nyingine ipande. Watengenezaji wengine, ili kupunguza gharama ya mtambo unaojirekebisha wenyewe, huweka pistoni mbili ndani ya boksi: moja yenye matundu mapana, inayoachia gesi ya ziada ya risasi nzito isiibamize bunduki, na nyingine yenye matundu madogo, inayoibana gesi haba ya risasi nyepesi isipotee. Mzee alifungua bunduki yangu, akatazama, akasema kwamba iliyomo ni ya risasi nzito. Halafu akaokota ganda mojawapo la gramu 24 akalisoma, kwa uso uleule aliokuwa nao shemeji siku ile.

"Hawakukupa pete nyingine?" aliuliza.

Nilimpigia mke wangu simu nikiwa nimesimama mbali kidogo na wenzangu.

"Mama watoto, ile pete ya chuma uliyoniuliza, iko wapi?"

"Imeshika pazia la jikoni," alisema. "Hata jirani ameisifu. Kwani vipi, baba watoto, mmeshapata ndege wa kutosha? Nisitoe kuku?"

Nikamwambia atoe kuku.

Mashauriano ya jioni ile yalikuwa marefu kuliko uwindaji. Mke wangu alisema kitu kilichotolewa kwa hiari hakirudishwi, na kwamba pazia lile lilikuwa limehangaika tangu tuhamie. Shemeji, ambaye kwa mara ya kwanza tangu nimjue alichukua upande wangu, alipendekeza zibadilishwane: pete ya risasi nzito iende dirishani na ya risasi nyepesi irudi kazini. Mke wangu alizichukua zote mbili, akazipandisha kwenye mwanga wa taa, akalinganisha, akasema ile yenye matundu mapana kumbe ndiyo nzuri zaidi. Mkataba ukafungwa.

Jumamosi iliyofuata, nikiwa nimeifuta bunduki mafuta ya Kituruki na ya alizeti, nilirudi shambani na maboksi yaleyale ya bei ya chini, na bunduki ikafanya kazi kama cherehani. Maganda yaliruka kulia bila kusita, moja likamwingia rafiki yetu Mkongo ndani ya kola, naye akakubali kwamba sasa inasema sana. Ninalazimika kukiri kwamba niliangusha hua wanne kwa risasi hamsini na kitu, lakini hilo ni suala la shabaha, na kisa hiki kinahusu bunduki.

Novemba, msimu wa bata ulipofunguliwa, mzee alitualika tena. Bata hawapigwi kwa marisau ya kawaida yaliyoundwa kwa madini ya risasi, maana madini hayo yalipigwa marufuku kwa ndege wa majini nchini kote mwaka 1991. Hupigwa kwa chuma, na ili chuma, kilicho chepesi, kifike mbali, risasi zake hutiwa nguvu nyingi. Nilinunua zilizo bora safari hii, za inchi tatu, bila kutazama bei. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa ndani ya bwawa, maji ya barafu yakinifika mapajani, zaidi ya kilomita 200 kutoka nyumbani, nikizipakia kwa fahari, mzee aliponigusa bega gizani.

"Leo ni nzito," alinong'ona. "Pete umebadilisha?"

Niliyafikiria mabawa ya bata yaliyokuwa yakisikika juu yetu, nikaifikiria bolti ikirushwa nyuma kwa nguvu isiyo yake mpaka ibamize kila kilichomo, nikazifikiria dola 329. Nikazitoa risasi moja moja, nikamrudishia mfukoni mwake zile alizoniongezea, nikapewa kazi ya kushika chupa ya kahawa.

Jua lilipopanda nilimpigia mke wangu kumuuliza kama pete ipo. Hakujibu kwa maneno, alinitumia picha. Pazia lilikuwa limekusanywa vizuri upande mmoja wa dirisha, na mwanga wa asubuhi, ukipenya katika yale matundu mapana, ulikuwa umechora vidoa vya duara ukutani, juu kidogo ya kalenda aliyoizungushia tarehe ya leo na kuandika: bata.