Mbona mwenye sukari hafichwi?

Leo mfamasia wa hapa Leicester, Uingereza, ananipa vidonge vyangu vya lithiamu, kaniuliza mbele za watu: Ramadhani inakaribia, ushazungumza na daktari wako? Kauliza vile vile alivyomuuliza bwana wa mbele yangu habari za insulini. Hakunong'ona. Wallahi nimefurahi, nilitaka kumkumbatia.

Maradhi yangu yanaitwa baipola, ni ya akili, mara moyo unapanda kupita kiasi, mara unazama. Lithiamu ni aina ya chumvi, ukipungukiwa maji mwilini inapanda kwenye damu mpaka inaweza kuwa sumu, ndo maana natolewa damu kila baada ya muda na namba zinaandikwa kwenye kijitabu cha zambarau, pamoja na za figo na tezi ya shingoni. Sasa kufunga kwangu mie si suala la kujikaza.

Kwetu Wete, Pemba, mwenye sukari akila mchana wa Ramadhani watu wanasema maskini, mgonjwa. Nikila mie, nshakuwa mzungu. Aya ya mgonjwa imo kwenye Baqara na haikuchagua maradhi! Na najua mtakuja: ushajiona, unatudharau, huyu ana shetani tu asomewe. Nimesomewa, kombe la aya nimekunywa, na mpaka leo baba ananisomea kwa simu na siachi. Nani kakwambieni dawa na dua zinagombana? Mtume s.a.w. mwenyewe katuamrisha tujitibu.

Wala sisemi Ulaya pepo. Huku nilipougua nilijifungia chumbani siku kibao hakuna aliyegonga mlango, Pemba jirani angeshaleta uji kabla ya adhuhuri, na hilo la kwetu najivunia mpaka kesho. Kinachonichoma ni kuwa yule yule aliyeleta uji akitoka nje anauliza nani kamroga, linatajwa jina la mke mwenza, la shangazi, ukoo unagawanyika, na mgonjwa anafungiwa chumba cha uani. Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili kule Unguja, tumeifanya tusi, halafu tunashangaa watu hawaendi mpaka washaharibikiwa kabisa.

Binamu yangu ana dalili zile zile, hapati usingizi, pesa zote anagawa, akianza kuzungumza hamalizi. Naambiwa nisimwite mgonjwa ntamharibia posa. Posa ikivunjika ivunjike. Nauli nshatuma, dada yake anampeleka kliniki Jumatatu, na atakayeuliza wanakwenda wapi aambiwe.