Jeraha la Madhabahuni Haliponywi Sebuleni

Familia ya Kikristo inapoumizwa na kanisa lake, ushauri wa kwanza inaoupata karibu kila mara ni kusamehe, na wa pili ni kurudi ibadani upesi kabla shetani hajapata nafasi. Nimeusikia ushauri huo ukitolewa na watu wema kabisa, wenye nia safi, na bado naamini unaanzia pasipostahili, kwa sababu unamkabidhi aliyeumizwa kazi yote ya uponyaji na kumwacha aliyeumiza akiwa ameketi katika kiti chake cha siku zote, akisubiri waliokimbia warudi. Maoni yangu ni kwamba kosa lililotendwa mbele ya usharika hurekebishwa mbele ya usharika, na kwamba hadi hilo litakapofanyika, familia ina haki ya kwenda polepole bila kuitwa yenye moyo mgumu.

Nazungumzia hasa desturi ya kutengwa. Katika makanisa mengi ya Kiprotestanti hapa kwetu, binti anayepata mimba kabla ya ndoa huondolewa kwenye Meza ya Bwana hadi atakapotubu na "kurudi kundini", na katika baadhi ya sharika jina lake husomwa hadharani. Nidhamu yenyewe siipingi, maana kanisa lisiloweza kumwonya mtu haliwezi pia kumlinda. Lakini Mathayo 18 imeweka utaratibu ulio wazi: kwanza mnazungumza wawili faraghani, kisha anaitwa shahidi mmoja au wawili, na kanisa zima linaelezwa mwisho, pale tu mtu anapokataa kusikia. Ajabu ni jinsi hatua mbili za kwanza zinavyorukwa, kisha ile ya tatu inatekelezwa kwa bidii kubwa, kana kwamba ndiyo pekee iliyoandikwa.

Hayo niliyaona katika ukoo wangu mwenyewe. Kaka yangu alikuwa mzee wa kanisa, mke wake alikuwa kiongozi katika umoja wa wanawake, na binti yao aliimba sauti ya kwanza kwenye kwaya. Hakuna mchungaji wala mzee aliyefika nyumbani kuuliza. Jina la binti lilisomwa kati ya tangazo la sikukuu ya mavuno na tangazo la ndoa ya watu wengine, naye mama yake akiwa amekaa upande wa akina mama na kitabu cha nyimbo mkononi, tayari kwa wimbo uliofuata. Kijana aliyehusika alikuwa akiimba kwaya ileile, safu ya nyuma, na kila mtu alimjua. Jina lake halikusomwa, na Jumapili iliyofuata alisimama akaimba kama kawaida. Kaka yangu akaambiwa apumzike uzee wa kanisa, kwa hoja ya 1 Timotheo 3 kwamba asiyeweza kuisimamia nyumba yake hawezi kulitunza kanisa la Mungu.

Kilichoitia chumvi hali hiyo ni bahasha. Binti alikuwa amezuiwa mezani, baba yake ameondolewa barazani, lakini bahasha za ahadi ya sadaka zenye namba ya familia ziliendelea kuletwa mlangoni na kiongozi wa jumuiya, na deni la mwaka likahesabiwa vilevile. Sidhani kama kulikuwa na ubaya wowote katika hilo. Nadhani ni mazoea tu, na pengine ndiyo maana liliwauma zaidi. Mtu anaweza kulikasirikia kanisa lililomfukuza kabisa, lakini ni vigumu kujua la kufanya na kanisa linalokutenga huku likikumbuka namba yako.

Basi nyumba hiyo iliponaje? Haikupona kwa pamoja, na hapa ndipo washauri wengi wanapokosea. Katika nyumba moja kulikuwa na mwendo wa aina tatu. Kaka yangu hakuacha kwenda ibadani hata wiki moja; alikuwa anaingia mahubiri yakiwa yameanza, anakaa karibu na mlango, anatoka kabla ya matangazo. Mke wake aliacha kanisa lakini hakuacha sala, na kwa muda mrefu ibada ya jioni pale nyumbani ilikuwa zaburi moja na Baba Yetu, bila wimbo, kwa sababu alisema nyimbo zilimrudisha kwenye ule wimbo uliofuata tangazo. Binti hakutaka kusikia lolote, naye walimwacha. Nawasifu kwa jambo moja hasa: hakuna aliyegeuka mlinzi wa imani ya mwenzake. Nimeona familia nyingine ambamo baba, kwa kuogopa kuongeza aibu, alilazimisha watoto wote kurudi kwenye benchi lilelile wakitabasamu, na wakubwa wao walipohama nyumbani wakahama na kanisa. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Hofu nyingine inayowarudisha watu mapema ni ya maziko. Swali la "nani atatuzika?" si dogo katika jamii zetu, ambako ibada ya mazishi, jeneza kuingizwa kanisani na kwaya kuimba makaburini ndivyo vinavyoonyesha kwamba marehemu alikuwa mtu wa watu. Wakatoliki nao wanaijua hofu hii kwa njia ya jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele miaka ya 1970 ili majirani wasali na kusaidiana, na ambazo mahali pengine daftari la mahudhurio yake limegeuka kigezo cha nani azikwe na padri. Familia inayorudi kwa kuhofia kaburi imerudi kweli, viti vimejaa na bahasha zimejaa, lakini sioni kwa nini mchungaji yeyote ajivunie hilo.

Watetezi wa desturi ya kutangaza husema kwamba aibu huwazuia wengine. Labda. Lakini tukumbuke kwamba hapa Tanzania, Novemba 2021, Serikali yenyewe ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatizwa masomo kwa sababu ya ujauzito wataruhusiwa kurudi shuleni baada ya kujifungua, na nchini Kenya sera ya namna hiyo ilikuwapo tangu miaka ya 1990. Hivyo inawezekana leo binti akapokelewa darasani na mwalimu mkuu huku bado hajapokelewa kwenye kwaya. Taasisi inayohubiri neema ilipaswa kutangulia.

Wengine husema kwamba kanisa likiomba radhi hadharani litapoteza heshima. Machi 2017, Papa Fransisko alipokutana na Rais Kagame wa Rwanda huko Vatikani, aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi na mapungufu ya Kanisa na ya watu wake katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, wakiwamo mapadri na watawa walioingia katika chuki na ukatili. Jambo hilo na tangazo la usharika wa mtaani havilingani hata kidogo kwa uzito, na wako waliosema maneno yale yalichelewa mno. Nalitaja kwa sababu moja tu: ikiwa Papa aliweza kutamka hadharani habari ya damu, mzee wa kanisa anaweza kutamka hadharani habari ya jina la msichana.

Andiko ambalo ningependa lisomwe zaidi katika vikao vya wazee ni Mathayo 5, mistari ya 23 na 24. Anayeambiwa aiache sadaka mbele ya madhabahu na kwenda kupatana ni yule anayekumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Aliyekosa ndiye anayetakiwa kuondoka kanisani na kwenda kumtafuta mwenzake, na sadaka inasubiri.

Katika usharika wetu alihamishiwa mchungaji mwingine, akaenda kwa kaka yangu akasikiliza jioni nzima bila kuwaalika warudi. Baadaye wazee walikuja wakitaka kuomba radhi na kusali pale sebuleni. Shemeji yangu aliwapa chai, akawashukuru, kisha akawaambia kwamba yeye hakuaibishwa sebuleni. Ilichukua vikao kadhaa, na mmoja wa wazee alipinga hadi mwisho, lakini hatimaye sentensi chache zilisomwa katika ibada zote za Jumapili moja: kwamba utaratibu haukufuatwa, kwamba familia ilionewa, kwamba baraza linaomba radhi. Tangu hapo shemeji anakwenda, si kila wiki. Uzee wa kanisa kaka yangu alirudishiwa akaukataa. Binti anasali kwingine na mtoto wake amebatizwa huko, na wanaouliza ni lini "atarudi nyumbani" wangefanya vyema kwanza kupeleka barazani ajenda ya kuondoa usomaji wa majina, maana ninavyoandika haya bado umo katika taratibu za usharika.