Dola Mbili za Mama na Trilioni za Waheshimiwa

Haya, sasa wamefika kwenye hela za mama. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026, ukienda kwa wakala hapa Marekani na noti zako mkononi kutuma nyumbani, juu ya ada yake unakatwa na asilimia 1 ya serikali. Dola 200 za mama, dola 2 za Washington. Na tushukuru, maana Baraza la Wawakilishi lilianza na asilimia 5, wakateremka mpaka 3.5, Seneti ikafunga kwa 1, utadhani wanapatana bei ya mtumba Karume. Mwanzo ilikuwa iwahusu wasio raia tu. Mwisho wakaona ubaguzi ni mbaya, wakatia kila mtu.

Ila sikiliza vizuri inavyokata. Inakata taslimu, mani oda na hundi ya benki. Ukilipia kutoka akaunti ya benki ya hapa, au kwa kadi iliyotolewa hapa, hukatwi hata senti. Kwa hiyo mwenye benki anapita salama, na anayelipwa noti nyuma ya jiko la mgahawa ndiye aliyeitwa kuokoa hazina ya taifa.

Basi tumsaidie kuiokoa. Mwaka wa fedha 2024 serikali kuu ilikusanya karibu dola trilioni 4.9 na ikatumia karibu trilioni 6.8. Riba ya deni peke yake ilikula bilioni 880 hivi, zaidi ya matumizi ya jeshi. Gawanya kwa sekunde za mwaka: kama dola 27,800 kila sekunde. Maana yake tujipange watu 14,000 mbele ya dirisha la wakala, kila mmoja na dola 200 zake, ili makato yetu yalipe riba ya sekunde moja. Ukipiga chafya foleni imeshapitwa.

Kwa heshima zote, mtu angetegemea waheshimiwa walikeshe hili la riba. Wapi! Kinachopigiwa kura ya matumizi kila mwaka ni kama robo tu ya fedha zote; pensheni za wazee, Medicare, ile bima ya afya ya wazee, na riba vinajiendea vyenyewe. Na hiyo robo ndiyo inayowashinda. Kazi yao ni miswada 12, ikamilike kabla ya saa sita usiku wa tarehe 30 Septemba. Tangu utaratibu huu uwekwe na sheria ya 1974, wameiwahisha yote kwa miaka minne ya fedha: 1977, 1989, 1995 na 1997. Mwanafunzi mwenye rekodi hiyo angeshaambiwa aje na mzazi.

Wakichelewa, hupitisha sheria ya muda ya kuendelea na matumizi ya zamani. Wakishindwa hata hiyo, serikali inafungwa. Na usidhani ni mila ya wazee. Zamani bajeti ikichelewa ofisi zilikuwa zinachapa kazi hivyo hivyo, zikijua fedha zitakuja. Mwaka 1980 Mwanasheria Mkuu Benjamin Civiletti akaifungua upya sheria ya karne ya 19 inayokataza kutumia fedha ambazo Bunge halijaidhinisha, akasema imeandikwa mfunge, basi mfunge. Tangu hapo ni ngoma.

Tazama inavyochezwa. Oktoba 1, 2025, mtumishi anakwenda kazini ili aache kwenda kazini. Anapewa muda usiozidi saa nne hivi: aweke ujumbe wa "sipo ofisini", afunge makabati, apokee barua ya likizo bila malipo, aondoke. Akifika nyumbani haruhusiwi kufungua barua pepe ya kazini. Akisema, "Mabosi, acheni nijitolee bure, kuna faili la mama mmoja halijaisha," bosi akimkubalia, hiyo ni kuvunja sheria. Anayeivunja kwa makusudi anaweza kutozwa faini hadi dola 5,000 au kufungwa hadi miaka miwili. Nchi ambayo uzalendo una kifungu cha jela!

Mwenzake anayeongoza ndege haruhusiwi kukaa nyumbani. Yeye anafanya kazi bila mshahara, na macho kwenye rada. Halafu kwa sheria ya 2019, serikali ikifunguliwa wote wawili wanalipwa malimbikizo kamili. Kwa hiyo serikali haikubana hata senti ya mishahara. Imelipa watu wakae nyumbani, imekopa jasho la wengine, na wewe mlipa kodi umekuta geti limefungwa. Ngoma ile ya siku 35 ya 2018 kuingia 2019, wataalamu wa bajeti wa Bunge lenyewe walikadiria ilipunguza uchumi kwa dola bilioni 11, na bilioni 3 kati ya hizo hazikurudi tena.

Waheshimiwa je, mshahara? Upo, bwana. Katiba inaulinda. Dola 174,000 kwa mwaka, kiwango kilekile tangu 2009, na kuna wanaolalamika kwamba haukupanda.

Sasa ngoma ya 2025. Warepublikan 53 kwenye Seneti, kura zinazohitajika 60. Wademokrat wanasema hatutoi mpaka ruzuku za bima ya afya ziongezwe muda. Warepublikan wanasema fungueni kwanza. Baraza la Wawakilishi, ambalo ndilo linaloanzisha miswada ya fedha, lilipiga kura Septemba 19 likatawanyika mpaka Novemba 12. Nyumba inaungua, zimamoto wako likizo! Watu milioni 42 hivi wanaotegemea msaada wa chakula wakaingia Novemba hawajui kadi itasoma nini. Viwanja vya ndege 40 vikaamriwa kupunguza safari. Siku 43. Kisha wanane wa upande wa Wademokrat wakavuka, kura 60 kwa 40, na walichopata ni ahadi ya kuipigia kura ruzuku mwezi Desemba. Ikapigwa. Haikufika 60. Siku arobaini na tatu, jamani, mtu hajala, mtu hajalipa kodi ya nyumba, kwa ajili ya miadi!

Na humo humo ndani ya sheria ya kufungulia, mtu akachomeka kifungu: seneta ambaye rekodi zake za simu zilichukuliwa na wapelelezi bila kuarifiwa angeweza kudai serikali dola 500,000. Wiki iliyofuata Baraza la Wawakilishi likapiga kura kifutwe, 426 kwa sifuri. Kumbe kukubaliana wanaweza.

Sitaki hata kufika Pentagon, wizara ya jeshi, inayokaguliwa yote tangu 2018 na haijapata hati safi hata mara moja. Wala mambo ya Septemba, wiki ya mwisho ya mwaka wa fedha, idara zinaponunua vitu na huduma kwa karibu mara tano ya wiki ya kawaida ili fungu lisirudi hazina.

Lakini usiseme hawajabana matumizi. Wamebana senti. Novemba 2025 kule Philadelphia wakafyatua senti moja za mwisho za kutumika madukani, kwa sababu kila moja ilikuwa inagharimu karibu senti 3.7 kutengeneza. Vizuri sana. Sasa ukilipa taslimu, kuna maduka yanakusogeza kwenye senti tano iliyo karibu. Na sarafu ya senti tano inagharimu karibu senti 14. Hiyo wanaendelea nayo. Ya senti 10 ndiyo inatengenezwa kwa chini ya senti 6, tena ni ndogo kuliko ya senti tano. Mgeni akifika hapa lazima aibiwe chenji wiki nzima ndipo aelewe. Na haijaandikwa thamani yake kwa namba! Ichukue uigeuze: imeandikwa "one dime" tu, basi. Sasa mtu aliyeshuka juzi kutoka Kigoma atajuaje dime ni ngapi?