Kilichopimwa na kilichoachwa kwenye 737 MAX

Machi 10, 2019, ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa inakuja Nairobi ilianguka dakika 6 tu baada ya kuondoka Addis Ababa. Walikufa watu 157, na 32 kati yao walikuwa Wakenya. Miezi mitano nyuma Boeing 737 MAX nyingine, ya Lion Air, ilikuwa imezama Indonesia na watu 189. Tangu hapo wengi hushikilia kwamba ndege mpya irushwe zaidi angani, simuleta, yaani mashine za ardhini zinazoiga urukaji, zisiaminiwe sana.

Wana hoja. Majaribio ya angani ya mwaka 2016 ndiyo yaliyoonyesha kuwa MAX haikutulia vizuri ikienda polepole huku mabawa yakikaribia kuishiwa nguvu ya kuibeba. Ila tiba iliyochaguliwa ilikuwa kuiongezea nguvu MCAS, programu inayoisukuma pua ya ndege chini yenyewe, na iliyochangia ajali zote mbili: badala ya kulisogeza bawa la mkia nyuzi 0.6 kwa mkupuo, sasa ikaruhusiwa nyuzi 2.5, tena kwa kutegemea sensa moja ya pembe ya bawa dhidi ya upepo, ingawa ndege inazo mbili. Kuruka kuliufichua ugonjwa, hakukuipima dawa ikiharibika.

Nani angeipima angani? Aprili 2011 huko Roswell, Marekani, Gulfstream G650 ilikuwa inajaribiwa kupaa huku injini moja imepunguzwa nguvu. Karibu na ardhi, bawa liliacha kubeba mapema kuliko wahandisi walivyokadiria. Wote 4 waliokuwemo walikufa. Hitilafu za aina hiyo mahali pake ni simuleta, na hapo nawaunga mkono wanaoitetea.

Tatizo ni kile Boeing ilichokiingiza humo. Septemba 2019 NTSB, bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, ilieleza kwamba Boeing ilijaribu pua ikisukumwa chini bila amri ya rubani, lakini haikuiga sensa mbovu pamoja na yote inayoyazua: usukani unaotetemeka, vipima mwendo vinavyopingana, maonyo yanayofuatana. Ikachukuliwa kuwa rubani angeelewa na kuchukua hatua ndani ya sekunde chache. Rubani gani, katika kelele hizo?

Kabla MAX haijaruhusiwa tena mwaka 2020, marubani wa kawaida wa mashirika kutoka nchi kadhaa, wenye uzoefu tofauti, waliketishwa kwenye simuleta huko Gatwick, Uingereza. Walistahili kuketishwa pale miaka minne kabla.