Meneja Yuko Kikaoni

Wiki iliyopita mashine ya kufungashia bidhaa ilisimama kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, kisa mkanda mmoja. Na mkanda wenyewe ulikuwepo stoo, nimeuona kwa macho yangu, bado umo ndani ya nailoni. Kilichokosekana ni saini. Fundi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, fomu imelala gotini, akimsubiri meneja aliyekuwa kikaoni. Kikao cha nini? Cha kuongeza ufanisi.

Darasani tulikariri sote: menejimenti ni kupanga, kuunda mfumo wa kazi, kuamuru, kuratibu na kudhibiti. Orodha hiyo ni ya Henri Fayol, mhandisi wa migodi wa Ufaransa, aliyeichapisha mwaka 1916. Wala hakuiota akiwa kitini. Mwaka 1888 alikabidhiwa kampuni ya migodi na chuma iliyokuwa ikichungulia kaburi, akaifufua. Mabosi wetu wameokota neno la mwisho tu, kudhibiti, mengine wameyaachia wanafunzi wa mtihani.

Mimi ningeanza na kuratibu. Fayol huyohuyo, mpenda ngazi na vyeo, aliona upuuzi wa jambo kupanda hadi kwa mkuu wa wote kisha lishuke upande wa pili, ilhali watu wawili wa ngazi moja wangemalizana wenyewe. Akataka pawe na daraja kati yao: waongee moja kwa moja, wakubwa wao wakiwa na habari. Zaidi ya miaka mia baadaye, fundi na mtunza stoo wanatazamana hatua tatu tu, kila mmoja akihofia swali la "nani alikuruhusu?" Hofu hiyo haikuja na upepo. Kuna mtu aliipanda, na analipwa mshahara.

Haya, nakubali, stoo isiyo na saini huvuja. Nimewahi kuona vipuri vikiota miguu. Basi weka kiwango! Vya bei ndogo fundi achukue, aandike daftarini, wewe ukague jioni. Huko nako ni kudhibiti, tena mashine ikiendelea kunguruma.

Habari za posho za vikao naziacha, nisije nikaonekana nina wivu.

Saa tisa meneja alitoka kikaoni. Akasaini ile fomu akiwa anatembea, hata hakuisoma, kisha akamuuliza fundi kwa nini idadi ya bidhaa za siku hiyo haijatimia.